Kaka, Pimamaji na Korongo la Mama

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, baada ya kufua

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu tele. Hujambo huko, na kile kifua chako kimetulia? Sisi wazima, ila mimi nina hasira. Nimefua nguo za nyumba nzima na bado hasira haijaisha.

Unajua daktari wa macho alivyomwambia Mama: giza linakuja na hakuna dawa ya kulizuia. Naye akaomba kitu kimoja tu, tumpeleke kwenye korongo la kwao, huko milimani alikozaliwa. Kaka yetu akaazima kwa rafiki yake lile gari la kulala, lenye vitanda na jiko ndani, tukaondoka watatu.

Sasa, kaka unamjua. Useremala umemwingia mpaka mifupani. Kila tuliposimama alitoa pimamaji, kile kifaa chao chenye kipovu, akaiweka sakafuni, kisha akaanza kusukumiza vipande vya mbao chini ya magurudumu mpaka gari likae sawa. Kijiji cha kwanza, mbao. Cha pili, mbao tena, na wenyeji wamejipanga kututazama. Ati yeye halali kwenye mteremko. Milimani kuna nini kingine?

Asubuhi tukafika ukingoni mwa korongo, jua linawaka, anga safi. Mama ameshanishika mkono. Kaka akatuzuia tusishuke, eti uzito ukipungua vipimo vitaharibika. Tukakaa humo kama mizigo, yeye anagonga, anachungulia kipovu, anagonga tena. Aliporidhika, ukungu ulikuwa umepanda kutoka chini na kufunika kila kitu. Haukuondoka siku nzima, na kesho yake mwenye gari alilitaka gari lake.

Hapo nilimpasha. Nilimwambia amemnyima mama yetu kitu pekee alichoomba. Alibaki na nyundo yake mkononi, anatazama viatu, machozi yanamlengalenga, na mimi sikumhurumia hata kidogo.

Mama ndiye aliyeninyamazisha.

"Korongo nalijua, nimekulia pale," alisema. "Nilitaka niwaone nyinyi mkiliona."

Kaka bado sijamsamehe, na usijisumbue kumwombea. Ameliazima tena gari, ila safari hii pimamaji nimeifungia kabatini na ufunguo ninao mimi.

Shangazi anakusalimu, anauliza kama unakula. Nisalimie wifi yangu na wanangu wote. Mungu akupe afya, na bosi wako ampe moyo laini, maana kesho asubuhi unamwomba likizo. Usiniambie mwakani. Mama aliposema "nyinyi", alimaanisha wanawe wote watatu.

Wako akupendaye hata akiwa amenuna,
Dada yako