Mguu wa Baba Neema

Jumatatu, 4 Machi 1996. Kumsenga

Nimechagua maragwe tangu asubuhi. Mawe mengi safari hii. Magunia yameshonwa, yako mlangoni. Kesho Baba Neema anayapeleka Kasulu kwa lori analoendesha Mathayo, jirani yetu. Lori ni la tajiri mmoja wa mjini Kibondo, la mizigo tu, lakini Mathayo hupakia watu juu ya magunia kimyakimya. Mvua ikikolea hakuna gari lingine. Nimemwambia Baba Neema asubiri barabara ikauke. Kanicheka. Ati mimi naogopa hata kivuli cha mbuzi.

Jumatano, 6 Machi. Kasulu, hospitali

Naandika nikiwa sakafuni, kando ya kitanda.

Jana lori lilikwama mlimani, kwenye tope. Wote walishuka kusukuma. Baba Neema akaenda nyuma kutia jiwe chini ya tairi. Lori likarudi nyuma. Mguu wa kushoto, chini ya goti. Mfupa umevunjika vipande.

Nimeuona. Sitaki kuuandika.

Yeye anatania manesi. Neema nimemwacha kwa bibi yake, sikumwambia kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Mama yake Mathayo amekuja. Amedandia gari la chakula cha wakimbizi, na kibuyu cha pombe ya ndizi mapajani njia nzima. Kwetu ukimuumiza mtu, watu wako huja na pombe. Aliyeumia akinywa, neno limekwisha. Hashtaki tena, wala watoto wake hawatashtaki.

Mama huyo alipiga magoti kando ya kitanda, akapiga makofi polepole kama inavyotakiwa. "Mwakeye, mwanangu," akamsalimia kwa Kiha. " Mtoto wangu amekuumiza. Tunakuomba unywe." Baba Neema akavuta mrija. Nesi alifoka mpaka wodi nzima ikageuka. Mimi nilitazama chini. Adabu.

Jioni akaja polisi kuandika maelezo. Baba Neema akasema yeye si abiria, ni utingo wa Mathayo. Kasema bila kupepesa. Kama angejitaja abiria, Mathayo angeshtakiwa kwa kubeba watu kwenye lori la mizigo. Na pombe ilishanywewa.

Jumatatu, 11 Machi

Vidole vimebadilika rangi. Kuna harufu. Wema hauozi, husema watu. Mguu unaoza.

Daktari ameniita nje. Njia ni mbili. Apelekwe Mwanza, hospitali kubwa, wasafishe, watie chuma cha kuunga mfupa. Au wakate hapa hapa. Mwanza hatuiwezi hata tukiuza migomba na ardhi yake. Akauliza kama lori lina bima. Bima kwangu ni kile kikaratasi cha kwenye kioo.

Nimeogopa hata kurudi ndani. Nilikaa kwenye ngazi mpaka nikaona baridi.

Jumatano, 13 Machi

Wakala wa bima amefika Kasulu kwa kazi zake. Nimemngojea nje ya nyumba ya wageni pamoja na wenye magari. Mwanamke peke yangu, na kanga yenye damu.

Alisoma karatasi ya polisi, akatikisa kichwa. "Mama, utingo ni mfanyakazi wa gari. Bima hii ni ya watu wengine, wafanyakazi haiwagusi."

Nikasema si utingo, ni abiria. Akasema abiria wa juu ya mizigo hawamo pia. Nikahisi nazama. Nikapayuka tu kwamba juu hakuwapo, alikuwa chini, kwenye tope, na jiwe mkononi.

Akaweka kalamu chini. Mtu aliyegongwa akiwa chini barabarani anaweza kuhesabiwa kama mpita njia, akasema, na mpita njia bima inamgusa. Ila maelezo ya polisi yabadilishwe.

Nilirudi hospitali nikikimbia.

Alhamisi, 14 Machi

Amekataa! "Mama Neema, nimekunywa pombe yao. Nitamgeukaje mtoto wa watu?"

Nimemwambia ameunywea pombe mguu wake. Nimelisema kwa sauti, wagonjwa wakasikia. Sijutii. Nina hasira naye kuliko na lori. Jasho linamtoka na mwili ni moto, halafu ananiambia habari za heshima. Akifa nitamlisha Neema heshima hiyo?

Usiku wote nimesikiliza anavyopumua.

Ijumaa, 15 Machi

Nilimtafuta Mathayo bila Baba Neema kujua. Yuko kwa shangazi yake hapa Kasulu, lori liko kituo cha polisi. Sikumwomba. Nilimweleza harufu tu.

Kaenda polisi mwenyewe. Kasema alibeba watu, walishuka kusukuma, Baba Neema hakuwa utingo. Wamemweka ndani. Mama yake amenipita uani bila salamu. Kwetu hilo ni kofi. Naogopa kurudi Kumsenga. Naogopa kubaki. Leo naogopa kila kitu.

Jumanne, 19 Machi

Watu wa bima wamekubali. Nilipiga kigelegele kwenye korido kama mwehu, nikidhani tayari tuko Mwanza.

Wakala akanisubiri nimalize. Matibabu yana kikomo, mama. Gharama zikishafika hapo, bima inasimama. Daktari akapiga hesabu mbele yangu, mara mbili, kwa sababu nilimwomba arudie. Safari ya Mwanza, chuma, vitanda vya miezi: fedha ya bima haifiki hata nusu. Kukata hapa: inafika, na dawa juu yake.

Kuunga hakulipwi. Kukata kunalipwa.

Nikamuuliza wakala nani aliyekiweka hicho kikomo, na kama aliwahi kuvunjika mguu. Akakunja karatasi zake. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonitisha, hakuna wa kumchukia.

Jumatano, 20 Machi

Daktari kasema homa haitungoji. Baba Neema kanitazama, akasema, "Sema wewe." Nimesema wakate.

Wamemwingiza. Mlango umefungwa. Mungu, usinichukulie.

Jumapili, 24 Machi

Homa imeshuka. Amekula ugali kidogo, na dagaa.

Mguu walinikabidhi Alhamisi, ukiwa ndani ya kitenge changu. Sikujua watu hufanya nini. Mathayo ametoka kwa dhamana. Alikuja na jembe bila kuitwa, tukauzika kwenye migomba ya shangazi yake. Mama yake alikuwapo. Tulianza Baba Yetu, tukafika katikati, tukaacha. Hatukujua kama mguu huombewa.

Sikumwambia Baba Neema. Leo ameuliza mwenyewe kama shimo ni refu, mbwa wasije. Nikasema Mathayo alichimba mpaka kifuani.

"Huyo mtoto anajua kazi," akasema.

Kisha akageukia ukutani. Nilimshika bega mpaka likaacha kutikisika.