Nimezika Watu Kumi na Mmoja kwa Ajili ya Mandazi

Mpendwa mshauri Mama Eucabeth, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba usichapishe jina langu kwa gazeti, kwa sababu Suna ni padogo na mimi ndiye fundi wa cherehani wa pekee mwenye jino la dhahabu katika laini yetu ya maduka, watu watanijua, kwa hivyo niite tu Baba M.

Niko na miaka hamsini na nane na niko na ugonjwa wa sukari, na tangu siku daktari alituambia, mke wangu Priscilla alichukua mkebe wa sukari akampa jirani, akaanza kunipimia ugali kwa kikombe, na yeye mwenyewe, mtu wa vijiko vinne, akaanza kunywa chai ya turungi bila sukari ili nisijione niko peke yangu, na mimi nilimshukuru sana mbele ya kanisa, lakini Mama, saa kumi jioni ikifika mwili wangu wote unaita mandazi ya Kultum.

Kultum ni mama mwenye hoteli hapa sokoni na nataka ieleweke mapema kwamba kati yangu na yeye hakuna kitu isipokuwa mandazi, na chai ya maziwa, sukari ya kutosha. Sasa ili niende huko bila maswali nilihitaji sababu, na unajua huku kwetu mtu akisema anaenda matanga hakuna wa kumzuia, kwa hivyo nikaanza kuua watu. Nilianza na baba ya Momanyi, nikaja kwa shemeji ya Werema, nikaendelea, hata mama mkwe wa Elkana nilimuua Machi, nikasahau, nikamuua tena Mei. Priscilla akaniuliza, "Si huyo tulimzika?" nikamwambia huyu ni yule mwingine. Miezi mitatu, vifo kumi na kimoja. Siku moja Priscilla alinipa kuku nipelekee wafiwa, na huyo kuku, Mama, tafadhali tusimwongelee.

Siku za kliniki nilikuwa najua la kufanya. Nafunga kula tangu jana yake, nadungwa kidole, namba inatoka nzuri, nesi ananisifu, Priscilla anatabasamu hadi nyumbani. Lakini juzi tundu la sindano likaanza kunipotea machoni na miguu ikawa inakufa ganzi, daktari akakuna kichwa, akatutuma Homa Bay kwa maabara moja nitolewe damu ya mkono. Binti wa hapo anaitwa Terry.

"Sijakula tangu jana," nikamwambia kwa kujivunia.

"Ungekula tu, mzee. Hii si ile ya kidole. Hii inaonyesha miezi mitatu yote."

"Yote?"

"Yote. Damu haisahau. Hata ukijificha aje, itakuja kwa karatasi."

Mama Eucabeth, nilikaa kwa benchi. Nyuma ya dirisha mashine ikaanza kutoa karatasi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, haikomi, na mimi nikajua hayo ni mambo yangu, saa hii imefika Aprili, saa hii imefika kwa kuku, nikaona afadhali Priscilla asikie kwa mdomo wangu kuliko kwa mashine. Nikamwambia kila kitu. Nikafufua marehemu mmoja baada ya mwingine mpaka wakaisha.

Halafu Terry akaleta karatasi yangu. Ilikuwa moja tu. Ndani namba moja, 10.6. Zile zingine zilikuwa za wagonjwa wengine. Priscilla akaigeuza nyuma kutafuta, hakuna Momanyi, hakuna Kultum, hakuna kitu.

Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisema polepole, "Baba Mourine, mwaka mzima nakunywa turungi chungu kwa ajili yako. Na mama mkwe wa Elkana nilimlilia. Nilimlilia na machozi." Akapanda gari akaenda kwa kaka yake Omondi huko Kosele. Nikimpigia simu hataki samahani. Anasema mdomo wangu umemchosha, ataongea na damu yangu, na atarudi siku karatasi itasema chini ya saba kama daktari anavyotaka.

Sasa swali langu ni hili, kuna dawa ya kufanya damu isahau haraka? Wengine wanasema mwarobaini na ndimu. Nchagwa, anayepiga pasi hapa mlango wa pili, mtu mwembamba kama uzi, amejitolea kwenda kutolewa damu kwa jina langu. Nyumba imenyamaza, Mama. Hata hiyo turungi sasa nainywa, lakini peke yangu haishuki. Nisaidie haraka kabla Nchagwa hajabadilisha mawazo.

Ni mimi, Baba M., Suna.

MAMA EUCABETH ANAJIBU

Baba M., jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Cherehani, jino la dhahabu na jina la binti yako umeviandika mwenyewe, hapo mimi simo.

Yawa! Nimekuwa nesi miaka thelathini, nimedanganywa na wagonjwa wa kila aina, lakini sijawahi kuona mtu mzima akiua mama mkwe wa mwenzake mara mbili kwa sababu ya unga uliokaangwa. Na hata hesabu umekosea. Umezika watu kumi, mmoja mara mbili.

Damu haimjui Kultum. Sukari ikizidi mwilini inaganda kwenye chembe nyekundu za damu na kukaa hapo, na maabara inapima tu imeganda kiasi gani. Ndiyo maana kufunga siku moja kunadanganya kidole, hakudanganyi kipimo hiki. Umefagia mlangoni wakati mgeni ameshaingia jikoni. Tena ukifunga hivyo huku unameza dawa za sukari, siku moja utaanguka juu ya hiyo cherehani.

Mwarobaini wacha. Nchagwa mwambie asante, hapana. Damu yake ikipelekwa kwa jina lako, daktari atamtibu Nchagwa, na wewe utabaki na macho yako hayo. Na nani alikuambia Nchagwa hana sukari? Wembamba si cheti. Akapimwe, kwa jina lake.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa sicheki. Fundi wa nguo haoni tundu la sindano, miguu inakufa ganzi, halafu swali lake ni kusahau! Wiki hii, si wiki ijayo, rudi kwa daktari. Macho yaangaliwe, miguu iangaliwe, na umwambie ukweli wote, mandazi na kufunga, maana amekuwa akikupangia dawa kwa kufuata uongo wako. Usiongeze dawa wala kuacha kwa akili yako. Kultum mwambie wewe ni mgonjwa, akupe chai bila sukari, hatakufukuza. Na kwa mama mkwe wa Elkana utaenda kwa miguu, utaomba msamaha, na utabeba kuku. Mzima.

Priscilla, najua unasoma hapo kwa Omondi. Hasira yako ni haki, mimi ningebeba na cherehani. Lakini usingojee saba. Mtu akitoka 10.6 akafika nane na kitu, huyo amefanya kazi, rudi nyumbani. Na tia sukari kijiko kimoja kwa chai yako, mama, wewe si mgonjwa.

Wewe Baba M., kusahau hakuna, lakini kuna hili. Chembe hizo za damu huishi kama miezi mitatu hivi, halafu zinakufa na mwili unatengeneza nyingine. Zile zilizokula mandazi zimeshaanza kufa leo, na kama utafunga mdomo, zinazozaliwa hazitamjua Kultum. Mpigie Priscilla sasa hivi. Mwambie kuna msiba, na mara hii ni wa kweli.