Dua ya Kumwombea Anayetuongoza

Shamba la mkonge, Tanga

Mke wangu mpenzi, Mama Zainabu,

Assalaam alaykum. Nakuomba radhi kwa kimya changu kirefu. Sikuugua, wala sikukusahau. Nilikuwa na habari njema ambayo sikutaka kuiandika kabla haijathibitika, na ilipothibitika ikaingia mashaka. Goti lako limepata nafuu? Barua yenu niliipata. Mwambie binti yetu kwamba haiandikwi "habari ni mzuri", bali "nzuri". Hata hivyo nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Habari yenyewe ni kwamba Bwana mkubwa wa shamba amenipa ruhusa ya kurudi Kiswere mwezi ujao. Tangu siku hiyo nimekaa ofisini nikiandika majina ya wakata mkonge, lakini macho yangu yanaona ule mkeka ulioacha kuushona ukingo nilipoondoka, ukasema utaumaliza nikirudi. Hata harufu ya korosho zikichomwa uani hunijia hapa, pasipo na mkorosho hata mmoja.

Kisha tukamzika kijana wa Kipatimu. Alishikwa na homa, na hapa asiyekata mkonge hapewi posho, hata akiwa hawezi kusimama. Wenzake walimgawia uji wao. Haukutosha.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, niliomba dua: "Ee Mola, wahurumie wanaoteseka, na umjalie uadilifu na ujasiri anayetuongoza." Wakaitikia amin kwa sauti iliyonishtua. Mara Mzee Chilumba, mkata mkonge mwenzetu wa Mtama, akanishika mkono.

"Ahsante, mwalimu, kwa kukubali."

"Nimekubali nini?"

"Kwenda kwa Bwana mkubwa kutusemea wagonjwa wapewe posho. Si umejiombea ujasiri hapa hapa?"

"Nilimwombea yeye Bwana mkubwa!"

"Kwani ndiye aliyetuongoza kusali? Mbona mbele nimeona mgongo wako tu?" Watu wakacheka. "Ungemtaja, mwalimu. Sisi tumekwisha kuitikia."

Miaka mingi niliwakaripia watoto kwa kusema "yule aliye" bila kueleza ni nani, na leo nimenaswa na neno langu mwenyewe. Nilirudi chumbani nimekasirika. Karani aliyenitangulia aliwasemea wagonjwa vivyo hivyo, akafutiwa ruhusa yake ya kurudi kwao, akakaa tena mwaka mzima. Nami, Mama Zainabu, nimechoka kukaa mbali nawe. Lakini ile amin sijui nitawarudishiaje. Na nikinyamaza, Ijumaa ijayo nitamwomba Mungu nini?

Basi Jumatatu nitakwenda. Niombee sauti yangu isitetemeke. Waombee na hawa wagonjwa. Wengi ni watu wa kwetu, na mama zao hawajui walivyolala.

Mfikishie mama mkwe wangu shikamoo yangu. Msalimie shangazi Mwanaidi aliyenilea, na kaka yako Bakari, mvuvi, umwambie asiniwekee samaki kwanza. Zainabu namsalimia sana. Na asome barua hii polepole, asiruke maneno.

Mkeka usiushone bado, lakini usiukunje. Bwana mkubwa akishaamua, iwe nije au nisije, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Mumeo akukumbukaye,
Mwalimu Hemedi