Spika wa Kidato cha Pili

Nyakoe, Jumanne, Juni 1968

Kofia ya gavana ilinibana, maana kichwa changu ni kikubwa kuliko cheo. Darasani tuliigiza Amerika ya Waingereza: walowezi wanachagua spika wa baraza lao, gavana anamkubali au anamkataa.

"Mnamtaka nani?"

"Ombati!" darasa zima.

Nilicheka peke yangu. Mwenzao huyo tulimzika mwezi uliopita.

"Hayupo, watoto wangu."

"Yupo, Mwalimu," akasema Moraa kwa upole, akitazama dawati la nyuma. "Anangoja umkubali."

Gavana ana haki ya kukataa. Gavana huyu, yaani mimi na kitambi changu, hakuthubutu hata kutazama huko. Nikasema, "Amekubaliwa."

Kesho spika anafungua kikao, nami ndiye wa kumwita kwa jina. Kwetu marehemu haitwi hivyo, asije akaja.

Naogopa hataitika. La, sidanganyi daftari langu: siogopi hilo.