Hataki Kutaja Jina la Mumewe

Keko, Dar es Salaam, Julai 1953

Mpendwa Bi Somoe,

Shikamoo. Naomba msaada wako, wewe unayewashauri mabinti kwa barua, maana siku hizi sipati usingizi, na padri niliyemwendea kaniambia nisali, nami nimesali lakini mwisho wa mwezi unazidi kukaribia. Mimi ni msichana wa Bukoba, nimesomea ualimu, nakaa kwa kaka yangu Theonest aliye karani bandarini, na nimepelekwa kutazama darasa la jioni la kusema Kiingereza lililofunguliwa hapa Keko kwa ajili ya wageni waliotoka nchi za nje, yupo Mgriki wa shamba la mkonge, yupo fundi cherehani Mngazija, wapo Waarabu wa Hadramauti na wake wa Kihindi walioletwa na waume zao kutoka Kachi, na kazi yangu ni kukaa nyuma kabisa nione jinsi mwalimu Mwingereza anavyofundisha, nisiseme neno, maana siku ya kwanza aliniambia mtazamaji hana mdomo, nami nikakubali kwa sababu akinisifia nitapata kazi ya kumsaidia, na ninaitaka kazi hiyo, Bi Somoe, ninaitaka sana.

Sasa yupo mmoja, Gulbahar, umri wake kama wangu. Mumewe, Bwana Remtulla, ana duka Temeke, na macho yake yanaingia ukungu, daktari kasema hayatapona, na makampuni ya mjini yanayomletea mizigo yanataka Kiingereza tu, kwa hiyo mkewe asipojua kuzungumza nayo duka litachukuliwa na shemeji yake, Kurbanali, ambaye ameshatamka wazi kwamba mke asiye na mtoto hana haja ya kukaa dukani, arudishwe kwao. Haya kanieleza mwenyewe barazani tukingoja mlango ufunguliwe, na mengi kayasema kwa Kiingereza, tena cha kueleweka.

Lakini akiingia ndani anakuwa bubu. Kila jioni somo linaanza kwa kuulizana, mume ataje jina la mkewe na mke ataje jina la mumewe, na zamu yake ikifika anasimama, anavuta mtandio hadi mdomoni, na nje chini ya dirisha mama mkwe wake Maryambai amekaa kwenye benchi na tasbihi yake akimngoja. Mwalimu anapaza sauti akidhani hasikii, maseremala wa jirani wanaacha randa zao wasikilize, Mgriki anacheka. Juzi mwalimu akaniambia, "Huyu ni mzito. Mwezi ukiisha namtoa, wapo wengi wanaosubiri nafasi. Au wewe unaonaje?" Nikatazama sakafu.

Nami najua kinachomfunga. Mama yangu mpaka leo hatamki jina la baba, na siku ya ubatizo wa mdogo wangu padri alipomwuliza, alinisukuma mgongoni nilitaje mimi. Nilimwambia Gulbahar ajikaze, alitaje mara moja tu, akanijibu, "Dada, jina ya bwana mie hapana taja. Mama yake iko pale nasikia. Taka fukuza mie, basi fukuza tu." Akageuka asinionyeshe machozi.

Nikisema, nimevunja sharti na kazi imenitoka. Nisiposema, mwenzangu anaharibikiwa nami natazama. Nifanye nini?

Apolonia

*

Binti yangu Apolonia,

Marahaba. Pole, na ipokee vizuri pole hiyo kwa sababu sina nyingine.

Umeniandikia mimi nisiyemjua Gulbahar wala mwalimu wake jambo ambalo ungelisema pale pale ulipoulizwa. Maana aliuliza! "Wewe unaonaje?" Sharti lake alilivunja mwenyewe, akakufungulia mlango, nawe ukatazama sakafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, lakini wewe umeinama hadi umelala.

Mwalimu simwiti mbaya. Kwao mke humwita mume kwa jina lake mbele za watu na hakuna anayeshtuka, naye anadhani ndivyo ilivyo dunia nzima. Nani amweleze, Mgriki? Wewe ndiye uliyekiona asichokiona yeye. Ulipokuwa mtoto ulisukumwa mgongoni ukasema. Sasa u mtu mzima, unataka nani akusukume?

Lakini usikurupuke. Kwanza mwombe Gulbahar ruhusa. Tena macho ya mumewe na maneno ya shemeji yake si habari zako za kutembeza, hizo ziache barazani. Na usimwambie tena ajikaze. Heshima si utumwa, na hiyo yake asiivue ili wewe upate usingizi. Akikubali, nenda mapema umkute mwalimu peke yake, kwa sababu mbele ya wanafunzi wake hata mimi ningekasirika. Mwambie kwa adabu kwamba huyu si mzito, anamstahi mumewe, na mkwe wake yuko dirishani anasikia. Mwombe amwulize mambo ya dukani: kanga za rangi gani zimefika, mzigo upi umekwama bandarini. Hayo ndiyo atakayoulizwa na makampuni, na hapo mwalimu atamsikia.

Na ukipita penye benchi, mwamkie Maryambai. Mama anayekaa nje kila jioni kumngoja mkamwana wake hataki afukuzwe, hata kama hajalisema.

Kazi inaweza kukuponyoka, sitakudanganya. Utalia, na kaka yako atakusema. Lakini ukinyamaza ukaipata, utaingia darasani umevaa gauni lako jipya, mahali pa Gulbahar atakuwa amekaa mke mwingine aliyeletwa juzi kutoka Kachi, na wewe ndiye utakayemsimamisha na kumwuliza jina la mumewe.

Nenda kesho. Usiniandikie tena kabla hujaenda.

Bi Somoe