Mota Niliyoifungia Sandukuni

Mwanangu Mwende,

Niwie radhi kwa kunyamaza. Barua zako tatu ziko hapa mezani, na hakuna hata moja niliyoijibu. Kila nilipoketi kuandika niliinuka, nikaenda hadi langoni, nikarudi, nikaikuta karatasi vilevile. Hata leo nimeinuka mara mbili kabla ya kufika hapa.

Kurasa za habari ulizonitumia pamoja na disketi nimezisoma zote, kamusi upande huu na kalamu nyekundu upande ule. Nimesoma habari za mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioandikwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kuonana. Nimesoma habari za mtu aliyegundua kosa katika programu ya kuchapisha, akalitangaza, na kabla ya juma kwisha watu watatu wa nchi mbalimbali wakawa wameleta masahihisho. Nimesoma pia kwamba wako watu wazima wanaokutana kila Jumamosi kushindanisha roboti walizoziunda kwa vyuma chakavu, moja ikitembea kwa miguu sita kama mdudu. Hapo niliweka kalamu chini.

Ulikuwa kidato cha pili. Ulichukua mkebe wa mafuta ya kupikia, ukauwekea magurudumu uliyoyakata kutoka kwenye kandambili, ukatia spoku mbili za baiskeli mbele za kupapasia njia, na mota uliyoing'oa katika redio kaseti yangu bila ruhusa. Siku hiyo kamati ya mwethya, kikundi chetu cha kulimiana, ilikuwa sebuleni ikipanga ni shamba la nani litakalochimbwa fanya juu, yale matuta ya kuzuia udongo. Kigari chako kikatoka jikoni, kikapita kati ya viti, kikagonga kiatu cha Syokau, mwenyekiti wa mwethya, kikarudi nyuma, kikageuka, kikaenda zake.

"Afadhali hiki," Syokau akasema. "Kikigonga, kinageuka. Mume wangu akigonga, anagonga tena."

Kamati nzima ikacheka, na mama yako akalazimika kutoka nje. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeitambua sauti ya mota yangu.

Nilikifungia kigari katika sanduku la bati, nikatia kufuli. Ukanifuata ukiniomba, "Nau, baba yangu, nifungulie basi, nikurudishie mota." Nikakujibu, "Kitu cha mtu hakifunguliwi." Kwa kukuadhibu hivyo nilijinyima redio mwenyewe, wala sikukubali fundi yeyote aiguse. Kanda ya kwaya ya mama yako haijachezwa tangu siku ile. Yeye husema nilifunga mota na kwaya kwa kufuli moja.

Sasa nikueleze linaloninyima utulivu. Ijumaa kamati ya shule yetu ya wasichana, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, itakata shauri. Yuko mfanyabiashara anayetaka kutuletea kompyuta mpya, na mkataba wake unasema kwamba hakuna mwalimu wala mwanafunzi atakayefungua mashine au kunakili programu. Kwa upande mwingine tuna kompyuta kuukuu nne tulizopewa na kanisa, na disketi zako zenye mfumo ule, ambazo unataka wasichana wetu wazisome, wazinakili na kuzirekebisha wapendavyo. Kamati imegawanyika nusu kwa nusu. Kura yangu ndiyo itakayoamua.

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini. Darasani kwangu kunakili kulikuwa wizi, na niliuadhibu kama wizi. Kila daftari lilikuwa na jina la mwenyewe, na kosa lililokuwamo lilikuwa lake. Katika kurasa zako simwoni mwenyewe. Mashine zikikwama, nimwite nani?

Hofu hiyo nilimweleza Syokau, ambaye sasa yumo katika kamati ya shule. Alikuwa akichambua ndengu, wala hakuinua macho.

"Mwalimu, siku mwethya ulipokuja kuchimba kwako, ulitufungia lango?"

Nikasema nililiacha wazi.

"Na fanya juu yako ikibomoka, humwita nani?"

Tangu hapo nimeyazunguka matuta yale mara nyingi kuliko mvua inavyodai. Alipochimba Syokau na alipochimba jirani, siwezi kupatofautisha, na udongo uko palepale. Lakini jembe kila mtu hapa analijua. Disketi zako, hapa Tawa, anazijua nani? Nikifika hapo naanza upya, na mama yako ananiambia niketi.

Asubuhi ya leo nimelikata kufuli la sanduku kwa msumeno, kwa maana lilikuwa limeshika kutu. Betri zimevuja, kandambili zimeliwa na panya, lakini mota ni nzima. Kisha nikachukua bisibisi na kuifungua redio, mimi ambaye sijawahi kufungua hata saa. Mahali ulipoing'oa mota unaning'inia waya mwekundu na waya mweusi. Sijui upi uungwe wapi. Ungenieleza siku ile, kama ningekusikiliza.

Nikishaamua kuhusu kura hiyo nitakuandikia siku iyo hiyo, hata kama uamuzi wenyewe hautakupendeza. Lakini wewe usiningojee. Niandikie habari za nyaya hizo mbili, polepole, kama unavyomweleza mtu asiyejua. Redio nimeiacha mezani, wazi, na nimemkataza mama yako kuifunika kwa kitambaa.

Ni mimi baba yako,
Tawa.