Hakukuwa na Kisu

Sohar, Oman

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Namwomba Mungu barua hii ikukute mguu umepungua kuvimba na unakula. Rashidi ananiambia sahani unairudisha kama ilivyokuja. Mama, hebu kula, jamani. Una mtoto huku hana raha na wewe unamwongezea. Mimi mwili ni mzima. Joto la hapa linatuchoma, kazi ni ileile, na kufiwa na baba ukiwa mbali ni kulia chooni, bomba limefunguliwa, ili wenzako wasisikie.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikimtaja tu mzee Paulo, mtani wa baba, unakata. Barua utaisoma mpaka mwisho, nakujua. Macho yakikusumbua mpe mdogo wangu Rashidi akusomee, wala asiruke neno.

Juzi Rashidi alinitumia picha za gari la baba lilivyo tangu polisi walirudishe hapo nyumbani Old Korogwe. Anataka kujua kama linafaa kutengenezwa, maana ni bampa tu lililopinda. Kazi yangu unaijua, tunafungua magari makuukuu na kuuza vipuri. Basi nikaziangalia zile picha kama fundi tu, moja baada ya nyingine. Nilipofika ya usukani nikaziacha nyingine. Nilikaa kwenye mchanga palepale yadini, tajiri ananifokea, mimi naikuza ile picha.

Ngoja nikueleze taratibu. Katikati ya usukani, chini ya lile plastiki la honi, kuna mfuko umekunjwa. Mafundi wanauita eabegi. Gari likigonga, mfuko unajaa hewa kufumba na kufumbua ili kifua cha dereva kisipige usukani. Kinachoujaza ni kikopo cha chuma chenye dawa ya kulipuka, jamii ya baruti. Sasa gari likizeeka, likashinda nje miaka nenda miaka rudi kwenye joto na unyevunyevu kama huo wetu wa karibu na mto, kwenye baadhi ya magari dawa ile inaharibika. Siku ikilipuka inazidi nguvu, kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinatoka kupitia kwenye mfuko. Hakuna taa ya kukuonya. Hapa yadini hatugusi usukani wa gari la zamani mpaka betri ichomolewe na tusubiri kwanza, na hata hapo tunasimama ubavuni. Mpakistani mmoja tunayefanya naye kazi alipuuza, leo ana kovu kutoka sikioni mpaka kidevuni.

Mama, mfuko wa gari la baba umechanika katikati. Kikopo kimepasuka. Kipande kimoja kimetoboa dari ya gari, tundu linaonekana. Kingine ndicho kilichomwingia baba shingoni. Hakuna mtu aliyemchoma. Hakukuwa na kisu.

Najua mlivyoona nyinyi. Gari limekwepa ng'ombe pale njiani baada ya Handeni, likagonga kisiki polepole, hata taa hazikuvunjika. Halafu mtu amekufa na jeraha la kisu, na ndani walikuwa wawili tu. Hata mimi ningekuwepo ningeuliza. Na mzee Paulo akashuka shati limelowa damu. Lakini damu ile ilifikaje kifuani kwake? Alimlaza baba mapajani, akamkandamiza shingo kwa kiganja mpaka vijana wa bodaboda walipofika. Aliwaambia polisi hivyo, na nyinyi akawaambia hivyohivyo. Polisi walitafuta kisu wakakikosa, wakamwachia. Nyinyi hamkumwachia.

Mnachoshikilia ni lile neno lake la asubuhi. Wanapakia mahindi kule Kwamsisi, mzee Paulo akasema mbele ya bibi, "Leo huyu Mzigua namchinja njiani, gari nachukua, na mke namrithi." Bibi mwenyewe kaniambia alicheka mpaka akakaa chini. Baba akamjibu, "Mnyamwezi wewe hata kuku humuwezi. Babu yako aliletwa kukata mkonge, mkonge ukamkata yeye." Yarabi, mama! Huo si utani wao wa siku zote? Wewe mwenyewe mzee Paulo amekuita mjane tangu siku ya harusi yako, na ulikuwa unamrushia mwiko. Mtoto mdogo wa Kizigua anajua kwamba mtani hashikwi kwa maneno yake. Sisi watu wazima tumefiwa, tukasahau.

Halafu msibani mkamnyima kazi yake. Yeye ndiye wa kuzuia jeneza mlangoni adai ada yake. Yeye ndiye wa kuvaa kofia ya baba na kutembea kwa kuchechemea kama baba, akigombana na kila mtu kuhusu chai, watu wacheke huku machozi yanawatoka. Vijana wakamfukuza kwa mawe kabla hajafika uani. Baba yangu kazikwa bila mtani wake, kama mpita njia asiyejulikana kwao. Hilo linaniuma kuliko hata kwamba mimi sikuwepo.

Nimempigia simu. Nikamwanza mwenyewe, "Wewe Mnyamwezi, bado hujafa tu?" Zamani angenitukana mpaka salio likaisha. Safari hii akasema, "Mwanangu, mambo hayo nimeyaacha. Mtani wangu nilimshika kwa mkono huu na akanitoka. Nimtanie nani tena?" Nikamwambia mtandao mbaya, mama, nikakata.

Kuhusu gari, mwambie Rashidi asilitengeneze. Upande wa abiria kuna mfuko mwingine ambao haujalipuka, na nasikia watoto wake wanachezea humo. Wasiingie tena. Afunge milango, wala fundi asije kuligonga nyundo au kulikata kwa moto mpaka nimpate mtu anayejua kazi hiyo. Wallahi sitaki kusikia msiba mwingine kutoka kwenye gari lile.

Nisalimie dada Zaina na mumewe. Shangazi mwambie dawa ya magoti nitampa mtu anayekuja. Bibi wa Kwamsisi mpe shikamoo yangu, na asijilaumu kwa kile kicheko, alicheka panapochekwa. Rashidi namwachia pole, najua hasemi lakini anaumia.

Salamu za mzee Paulo zipeleke wewe. Hitma ya arobaini inakaribia, na bila yeye itakuwa ubwabwa tu. Nenda mwenyewe, mama, usimtume Rashidi wala usimpigie simu. Wewe ndiye uliyesema mbele za watu asikanyage kwako, basi wakuone unakwenda kwake. Mweleze habari ya kikopo kama nilivyokueleza. Asipojibu usiondoke. Akisema amesamehe, hapo napo usiondoke, hiyo ni adabu tu ya mtu mzima kwa mgeni. Kaa kibarazani kwake hata kutwa nzima, mpaka akutukane. Akikutukana, mama, inuka uje naye nyumbani.

Ni mimi mwanao, ninayemlilia baba kutoka mbali,

Athumani